Samaki wa Ziwa Masoko: tunajuaje ni uteuzi asilia na si bahati?

Swali la leo limetoka kwa mwalimu wa biolojia huko Tukuyu. Nalifupisha. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba samaki wa Ziwa Masoko, pale pale Rungwe, wanagawanyika kuwa aina mbili, na kwamba watafiti walilijua jambo hilo kwa kusoma jenomu zao, yaani maandishi yote ya urithi, herufi kwa herufi, yaliyomo ndani ya seli zao. Kijana wa kidato cha sita akanyoosha mkono: “Mwalimu, hakuna aliyekuwepo kuona. Ndugu wawili wakitengana muda mrefu, wajukuu wao watatofautiana tu. Wanajuaje kwamba ni uteuzi asilia na si bahati?” Mwalimu anakiri alijibu “wametumia takwimu”, kengele ikagonga, akaponea hapo. Kipindi kijacho ni Jumatatu.

Ugonile, Mwalimu. Mimi ni mtu wa Iringa, kwetu ni kamwene, lakini swali la Rungwe nimeona nilipokee kwa salamu ya Rungwe.

Huyo kijana usimwone msumbufu. Hoja yake ndiyo ile iliyotikisa fani yetu mwaka 1968, Mjapani Motoo Kimura alipoandika kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko katika molekuli za viumbe haina faida wala hasara kwa mwenye nayo. Inaenea au inapotea kwa bahati tupu. Tangu hapo utaratibu uligeuka. Bahati ndiyo tunayoanza nayo, na anayedai uteuzi, yaani kwamba badiliko limeenea kwa sababu linamsaidia mwenye nalo kuishi na kuzaa, ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Sasa ataleta ushahidi gani kama hajui bahati peke yake ina uwezo wa kufanya nini? Ndiyo maana nakuomba Jumatatu uingie darasani na maharage.

Tia maharage 20 kwenye soksi: 10 ya njano, 10 mekundu. Mwanafunzi achomoe moja bila kuchungulia, aandike rangi, alirudishe, atikise, achomoe tena, mpaka afikishe mara 20. Hicho ni kizazi kimoja. Tuseme ameandika njano 13 na nyekundu 7. Basi soksi ya kizazi cha pili inaanza na 13 kwa 7, na kazi inarudiwa. Uwezekano wa kupata 10 kwa 10 kamili katika raundi ya kwanza ni kama asilimia 18 tu. Mara nyingi atapishana na kumi kwa harage mbili tatu, juu au chini. Gawa darasa makundi sita, wape vizazi 30 (inachosha, washikane zamu), utakuta baadhi ya soksi zimebaki na rangi moja. Hakuna harage lililokuwa bora kuliko jingine. Ni kuchomoa tu.

Hapo kijana wako atasema, “Si nilisema?” Mwambie asubiri. Ukitumia maharage 2,000 badala ya 20, kupishana kwa kizazi kimoja kunakuwa kama 22 juu au chini ya 1,000, yaani karibu asilimia moja. Bahati ina nguvu fulani, na nguvu hiyo inapimika: kadiri kundi lilivyo dogo, ndivyo inavyoyumbisha zaidi. Ukijua ukubwa wa kundi na idadi ya vizazi, unaweza kukokotoa mapema bahati itafika wapi na wapi haifiki.

Tatizo ni kwamba ukubwa wa kundi la samaki miaka elfu iliyopita hatuujui. Na hapa ndipo penye ujanja wote wa kazi hii, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Samaki hana soksi moja. Jenomu yake ina mamilioni ya sehemu ambazo herufi zake zinatofautiana kati ya samaki na samaki, na kila sehemu ni soksi. Soksi zote hizo zimesafiri ndani ya samaki wale wale, katika ziwa lile lile. Kama ziwa lilianza na samaki wachache, soksi zote zilipitia mlango ule ule mwembamba. Ukame ukiua nusu ya samaki, soksi zote zinatikisika. Yaani historia ya kundi inaipiga jenomu nzima, lakini uteuzi unapiga mahali: pale penye jeni inayohusika, na majirani zake. Kwa hiyo badala ya kuikisia historia kutoka hewani, unaiuliza jenomu yenyewe. Unapima tofauti kila mahali, unaona hali ya kawaida ya jenomu hiyo ikoje, halafu unatafuta sehemu zilizoachana sana na wenzao. Lewontin na Krakauer waliliweka wazo hilo kwenye hesabu mwaka 1973, wakati hata herufi za DNA zilikuwa bado hazisomeki kwa urahisi.

Turudi Masoko, ambako wengine mnakuita Kisiba. Wengi wanalijua ziwa hilo kwa hadithi za hela za Mjerumani zilizotupwa humo. Sisi tunalijua kwa samaki. Ni ziwa la kreta, upana wake kama mita 700 tu, na humo yumo samaki mdogo wa ukoo wa perege aitwaye Astatotilapia calliptera, ambaye ndugu zake wako mitoni na katika Ziwa Nyasa. Madume wa maji ya kina kifupi wakati wa kuzaliana ni wa njano. Wa kina kirefu wana rangi ya buluu iliyokolea. Maumbo yanatofautiana, chakula kinatofautiana. Mwaka 2015 Milan Malinsky na wenzake walichapisha matokeo ya kusoma jenomu nzima za samaki 146. Makadirio yao ni kwamba kutengana huko kulianza kati ya miaka 500 na 1,000 iliyopita, yaani jana asubuhi kwa saa ya mageuzi.

Kipimo kilichotumika zaidi ni kile kilichoanzishwa na Sewall Wright, kinaitwa Fst, na kinapima makundi mawili yameachana kiasi gani: sifuri ni hakuna tofauti, moja ni tofauti kabisa. Kifanye ubaoni, hakihitaji kompyuta. Chukua sehemu moja yenye herufi A au G. (Namba hizi ni zangu za kufundishia, si za Masoko.) Kwa samaki wa juu, A ni asilimia 90. Kwa wa chini, asilimia 30. Ukichomoa herufi mbili kutoka kwa samaki wa juu, uwezekano wa kutofautiana ni 2 × 0.9 × 0.1 = 0.18. Kwa wa chini ni 2 × 0.3 × 0.7 = 0.42. Wastani ni 0.30. Sasa wachanganye wote kwenye ndoo moja: A inakuwa asilimia 60, na uwezekano wa kutofautiana ni 2 × 0.6 × 0.4 = 0.48. Pengo kati ya 0.48 na 0.30 ni 0.18, ligawe kwa 0.48, unapata 0.375. Rudia kwa sehemu nyingine ambapo A ni asilimia 55 juu na 65 chini: jibu ni 0.01 na ushee. Fanya hivyo mara milioni kadhaa, chora kwenye grafu kwa mpangilio wa kromosomu.

Kwa samaki wa Masoko grafu hiyo ni kama tambarare ya Usangu. Karibu jenomu yote iko chini, kwa sababu makundi haya bado ni ndugu wa karibu mno. Halafu ghafla vinasimama vilima. Walihesabu visiwa 98 vya tofauti kubwa vyenye mipaka inayoonekana wazi. Kama ni ndugu waliotengana tu, kama anavyosema kijana, tofauti ingetapakaa kote kwa kiasi kinacholingana na muda wa kutengana. Isingejikusanya kwenye visiwa na kuiacha nchi yote iliyobaki ikiwa shwari.

Nusu ya jibu ni hiyo. Nusu ya pili ni namna mtu anavyoweza kudanganyika hata akiwa na grafu nzuri namna hiyo, na nimeona wengi, mimi mwenyewe nikiwemo.

Ukipima sehemu milioni moja, jambo linalotokea kwa bahati mara moja katika elfu litatokea mara elfu. Kwa hiyo kilele kimoja kilichosimama peke yake hakiniamshi. Ninachotaka ni kisiwa: herufi nyingi zilizopangana jirani, zote zikisema jambo moja.

Pili, Fst ni uwiano, na uwiano unaweza kupanda kwa njia zaidi ya moja. Kuna sehemu za kromosomu ambazo hazichanganyiki sana kizazi hadi kizazi. Huko, mabadiliko mabaya yanapofagiliwa, yanaondoka na majirani wasio na hatia, na aina za herufi zinabaki chache ndani ya kila kundi. Aina zikiwa chache ndani, Fst inapaa hata kama hakuna kundi lililozoea mazingira yake kuliko jingine. Dawa yake ni kuhesabu pia tofauti halisi: chukua jenomu moja ya juu na moja ya chini, hesabu herufi ngapi hazilingani. Fst ikipaa na hesabu hiyo ikabaki pale pale, mimi nanyamaza kwanza.

Tatu ni aibu yangu. Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa data za ng'ombe wa kienyeji, nikapata kilele kirefu kuliko vyote nilivyowahi kuona. Ndani yake kulikuwa na jeni ya kinga. Wiki mbili nzima niliandika hadithi ya kupe na ndigana kali, tamu kweli kweli, mpaka mwenzangu mmoja akauliza kwa upole: “Pale mashine imesoma mara ngapi?” Nikaangalia. Mashine husoma DNA kwa vipande vipande; kila mahali idadi ya vipande vilivyosomwa ilikuwa ya wastani, pale ilikuwa mara mbili. Maana yake jeni hiyo ilikuwa na nakala mbili kwenye kromosomu, na programu ilizilundika pamoja kana kwamba ni moja. Tofauti kati ya nakala na nakala mimi nikaiita tofauti kati ya ng'ombe na ng'ombe. Ndigana kali haikuhusika hata chembe. Tangu siku hiyo jeni ya kinga ikijitokeza kileleni, kitu cha kwanza ninachofungua ni idadi ya vipande, si makala za watu.

Kuna kipimo kingine utakikuta kila mahali, cha Fumio Tajima wa 1989, kinachoitwa D. Kinalinganisha njia mbili za kukadiria wingi wa tofauti katika kundi, moja inayohesabu sehemu zote zinazotofautiana na nyingine inayopima wastani wa tofauti kati ya kila wawili. Uteuzi ukishafagia eneo, tofauti zinazoota upya huwa adimu, za mmoja mmoja, na D inakwenda chini ya sifuri. Ila kundi lililoongezeka haraka nalo linatoa D ya chini ya sifuri, na binadamu tumeongezeka haraka mno. Kwa hiyo D ya jeni moja peke yake haina maana kubwa. Ilinganishe na D za jenomu nzima, au igize historia ya kundi kwenye kompyuta mara elfu kadhaa bila uteuzi wowote, uone ni mara ngapi bahati inafika hapo. Ni soksi zile zile, ila kompyuta haichoki.

Kijana atauliza pia kuhusu binadamu, maana vijana huuliza. Hapo nakupa mfano wa maziwa, kwa kuwa unaonyesha ushahidi wa aina tofauti kabisa: ushahidi wa muda.

Fikiria basi linalotoka Mbeya kwenda Dar. Linaondoka limejaa. Uyole wanashuka wawili, Igawa wanapanda watatu, Makambako nusu ya siti zinabadilisha watu. Ukilikuta Mafinga, na abiria wote ni wale wale walioanza Mbeya, kila mmoja kwenye siti yake, unajua bila kumuuliza dereva kwamba halikusimama njiani. Badiliko jipya la jeni linapozaliwa linakaa kwenye kromosomu yenye herufi jirani za aina fulani. Hao ni abiria wake. Kila kizazi kromosomu za baba na mama zinabadilishana vipande, na hivyo ni vituo. Badiliko lisilo na faida likiwa limeenea kwa watu wengi, lazima limechukua muda mrefu sana kufika hapo, na abiria wake wa mwanzo wameshashuka zamani, wamebaki wa siti za karibu tu. Ukikuta badiliko lililoenea kwa wengi na bado lina abiria wake wa mwanzo kwa umbali mrefu, hapo kuna kitu. Lina wajukuu wengi kama mzee, lakini uso ni wa mtoto. Kuna kilicholivuta. Pardis Sabeti na wenzake waliitengenezea hali hiyo kipimo mwaka 2002, na wengine wakakiboresha baadaye.

Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 470 wa makabila 43 kutoka Tanzania, Kenya na Sudan. Wengi wa watu wazima duniani hawameng'enyi vizuri sukari ya maziwa, kwa sababu kimeng'enya cha laktesi hupungua baada ya utoto. Kwa wafugaji kadhaa wa Afrika Mashariki hakipungui, na sababu mojawapo ni herufi moja, G iliyogeuka C, umbali wa herufi 14,010 kabla ya jeni yenyewe. Abiria wa herufi hiyo walikuwa bado wamekaa kwa zaidi ya herufi milioni mbili. Umri wake walikadiria kati ya miaka 2,700 na 6,800, unaolingana na ufugaji kuingia pande hizi. Kilichonifurahisha mimi ni kwamba Wazungu wanywao maziwa wana herufi nyingine kabisa, ya 13,910, katika eneo lile lile. Watu wa mabara mawili walipata dawa ya tatizo moja, kila mmoja kwa herufi yake. Bahati inaweza mambo mengi, lakini kurudia kazi moja mara mbili mahali pamoja, na mara zote mbili kwa watu wenye ng'ombe, mimi inanishinda kuiamini.

Tahadhari moja: si kila uteuzi unaacha basi lililojaa. Hapo kwenu mna mfano bora kuliko wa kitabu. Shuka kutoka baridi ya Tukuyu hadi joto la Kyela, kwenye mbu, ukifikiria selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Katika jeni ya hemoglobini, neno la herufi tatu GAG likigeuka GAA, hakuna kinachobadilika, kwa kuwa yote mawili yanaagiza asidi ile ile ya amino. Likigeuka GTG, ndiyo selimundu. Aliyepata nakala mbili anaugua. Mwenye moja, kama Anthony Allison alivyoonyesha mwaka 1954 kwa kazi aliyoifanya Afrika Mashariki, ana kinga fulani dhidi ya malaria. Kwa hiyo uteuzi unaisukuma GTG juu na kuirudisha chini kwa wakati mmoja, haifiki asilimia 100 wala haifutiki palipo na malaria. Anayetafuta tu mabadiliko yaliyofagia kundi zima anaweza kuipita hii bila kuiona. Kila kipimo kina jicho lake.

Sasa, samaki wameishia wapi? Takwimu zilipotaja visiwa 98, kazi yake ilikuwa imefika mpaka wa uwezo wake. Zimetaja washukiwa. Kilichoufanya ushahidi wa Masoko uwe mzito ni kwamba walipotazama jeni zilizomo visiwani, zile za hisi zilikuwa nyingi kuliko ilivyotarajiwa, ikiwemo rodopsini, protini ya jicho inayofanya kazi kwenye mwanga hafifu. Mtu aliyewahi kuzamia anajua kwamba nyekundu hupotea mapema kadiri unavyoshuka na buluu ndiyo hubaki. Jicho la samaki wa kina kirefu linahitaji mpangilio tofauti na la mwenzake anayeota jua pembeni. Tena waliangalia nani anachagua kuzaa na nani, wakaona uchaguzi huo unakwenda pamoja na herufi za visiwani. Grafu, jicho na ndoa vimekubaliana, na hakuna kati yao aliyemwona mwenzake akitoa ushahidi.

Mwambie kijana, basi, kwamba alikuwa sahihi kwa karibu jenomu yote ya samaki wale, na amekosea kwa visiwa vichache tu.

Umeuliza pia kama darasa lisilo na kompyuta linaweza kulifanya hili kwa mikono. Linaweza. Tengeneza soksi kumi za maharage 20, uzipe namba. Tisa ziende kwa bahati kama nilivyoeleza. Moja uipe siri ambayo kundi lake pekee linaijua: kila likitoka harage jekundu, warushe sarafu; ikiangukia mkia, harage linarudishwa bila kuhesabiwa, wanachomoa jingine. Baada ya vizazi vitano kila kundi liandike idadi ya njano ubaoni, na darasa litaje soksi yenye siri. Kwa sarafu mara nyingi wataipata. Kisha rudia kwa dadi, harage jekundu likataliwe tu ikitoka sita. Kwa maharage 20, nguvu ndogo hivyo inamezwa na kuyumba kwa kawaida. Ili ionekane wazi utahitaji maharage 200 kwa kila soksi na vizazi kumi, na hapo utamaliza muhula.

Nililijaribu hili la dadi nyumbani na wanangu, soksi sita. Kitinda mimba wangu aliitaja soksi ya tatu, yenye njano 18 kati ya 20, kwa uhakika wa hakimu. Soksi yenye siri ilikuwa ya tano. Ilikuwa na 12.